Adhabu Niliyonyimwa

Iko siku moja, mwanangu, ambayo hata leo, katika umri huu wa kuhesabu meno yaliyobaki, nikiikumbuka huona haya mbele ya watu wasiojua naona haya kwa nini. Ilikuwa Jumatano, miaka michache kabla ya uhuru, huku kwetu Likoni. Nilikuwa mkunga mwenye cheti, msichana wa miaka ishirini na mitatu, na asubuhi hiyo nilifunga mlango wa zahanati nikaenda harusini.

Kaa vizuri nikueleze, maana neno hilo peke yake halionyeshi uzito wake. Kwenda harusini si dhambi. Nani asiyekwenda harusini? Mambo yalikuja baadaye, na yaliyokuja baadaye ndiyo nataka uyabebe, wewe unayeanza kazi ya cheti, iwe ya sindano, ya sheria au ya chaki.

Kwanza ujue mimi ni binti wa nani. Babangu, Mzee Mbwana Faki, alikuwa na minazi kuanzia karibu na feri hadi ukielekea Mtongwe. Kiwanja cha zahanati kilikuwa chake, ameikodishia serikali kwa mkataba, na kila mkataba ulipokaribia kwisha wakubwa wa tiba walivuka feri kuja kunywa kahawa barazani kwetu. Nduguye, ami yangu, alikuwa mudiri, mtawala wa serikali huku pwani, mtu ambaye akipita barabarani waliokaa husimama. Mimi nilikuwa binti wa kwanza wa mtaa wetu kumaliza shule na kwenda kusomea ukunga ng'ambo, katika hospitali kubwa ya kisiwani. Niliporudi na cheti, baba alichinja ng'ombe. Tangu siku hiyo hakuna aliyeniita Zuhura tu. Nilikuwa Nesi Zuhura, na jina hilo lilinilewesha kuliko tembo la mnazi linavyomlewesha mnywaji.

Tulikuwa wakunga wawili. Mwenzangu aliitwa Raheli, mkubwa wangu kwa miaka kama kumi na mitano. Alikuwa mtu wa Frere Town, katika kizazi cha wale waliokombolewa utumwani wakawekwa pale na wamisheni. Enzi zetu watu hao walisemwa vibaya, mwanangu, nami sitakuficha kwamba hata nyumbani kwetu walisemwa. Wakiitwa watu wasio na kwao. Raheli hakuwa na shamba wala ami. Alikuwa na mama mzee na cheti kama changu. Kwa siku za kazi alilala katika chumba kilichokuwa nyuma ya zahanati. Siku zake za mapumziko alivuka feri, akapita mjini, akavuka tena kwa daraja la Nyali, lile la zamani lililokuwa likielea majini, hadi kwa mamake.

Yule mwanamke alinifundisha mambo ambayo hospitali haikunifundisha. Alinifundisha kumshika mzazi mgongo kabla ya kumshika tumbo, ili asikuogope. Alinifundisha kunyamaza. "Mwanamke akiwa na uchungu," akiniambia, "hataki habari zako, Zuhura. Anataka ajue uko." Nilikuwa nikimwitikia abee kama mtoto anayemwitikia mamake.

Basi Jumatano ile ilikuwa zamu yangu. Raheli alikuwa kwao, wa kurudi Alhamisi. Binamu yangu alikuwa anaolewa Mtongwe, na wanawake wote wa ukoo walikuwa huko wakipakana hina. Mpaka saa nne hakuna mgonjwa aliyekuja. Nikajiambia nitakwenda mara moja, nipakwe mikono, kabla ya adhuhuri nimerudi. Nikafunga mlango. Ufunguo wa kabati la dawa nikauingiza mkobani, kwa sababu sheria ilisema usiachwe. Unaona vituko vya binadamu? Sheria kubwa nimeivunja, na ndogo nimeishika.

Haikupita saa nzima, akafika zahanati Bakari, mchukuzi wa bandarini, akisukuma mkokoteni. Juu yake amemlaza mkewe, Mwanamkasi, kwenye godoro la sufi. Ilikuwa mimba yake ya kwanza, na uchungu ulikuwa umemshika tangu alfajiri. Akakuta mlango umefungwa. Jirani akamwambia Nesi yuko harusini. Bakari akamwacha mkewe barazani na huyo jirani, akakimbia hadi Mtongwe. Kwa kuwa nyumba ilijaa wanawake hakuweza kuingia, akamtuma shangazi yangu, Mwana Tumu, aliyekuwa mlangoni akipokea wageni.

Shangazi alinikuta nimenyoosha mikono, hina mbichi mpaka kwenye viwiko.

"Zuhura, mume wa Mwanamkasi yuko nje. Mkewe yuko zahanati, ana uchungu."

"Ni mimba ya kwanza hiyo, shangazi," nilisema. "Mimba ya kwanza haina haraka. Mwambie asubiri, hina haijakauka."

Shangazi alinitazama. Yeye mwenyewe alikuwa mkunga wa jadi, ndiye aliyenitoa mimi tumboni mwa mamangu. Alifungua kinywa aseme, akatazama wageni, akaona vibaya kunivunjia heshima mbele ya watu. Akaenda akamwambia Bakari kama nilivyosema. Nikaendelea kucheka na wenzangu.

Nilirudi zahanati saa nane. Kabla sijafika mlangoni niliona mlango u wazi, na vioo vimetapakaa sakafuni. Kabati la dawa lilikuwa limevunjwa kwa jiwe. Raheli alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda, mikono yake miwili iko juu ya tumbo la Mwanamkasi, analikanda, na gauni lake la kazi limelowa damu. Hakugeuka kunitazama.

"Damu imesimama," alisema. "Nenda feri ukawaambie tunahitaji gari upande wa pili. Haraka, Zuhura."

Raheli alikuwa amerudi siku moja kabla ya wakati wake ili afue mashuka ya zahanati. Alifika saa saba, akamkuta Mwanamkasi barazani, mtoto yuko njiani na amechoka. Mlango aliufungua kwa ufunguo wake. Mtoto alitoka kimya, mvulana, na hakuna alichomfanyia kilichomtoa sauti. Kisha mama akaanza kumwaga damu. Sindano ya kuzuia damu ilikuwa ndani ya kabati, na ufunguo wa kabati ulikuwa mkobani mwangu, Mtongwe. Akaokota jiwe.

Mtoto nilimkuta amefunikwa leso ya mamake. Mwanamkasi alivushwa kwenda hospitali kubwa, akapona, lakini mji wa mimba uliondolewa. Hakuzaa tena.

Siku ya tatu Bakari akavuka feri na malalamiko yake kwa wakubwa wa tiba. Habari zikamfikia babangu kabla karatasi haijakauka wino. Baada ya sala ya alasiri aliniita barazani. Ami yangu alikuwa amekaa naye.

"Daftari la zamu liko wapi?" baba aliuliza.

"Liko zahanati, baba."

"Limeandikwa nani kwa siku ya Jumatano?"

"Halijaandikwa. Tunaandika mwisho wa juma."

Wakatazamana. Ami akasema polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto sura: "Basi huenda mlibadilishana zamu. Wenzio wa kazi hubadilishana. Yule mwanamke siku hiyo alikuwapo. Kama haikuwa zamu yake, alikuwa akifanya nini pale?"

"Alikuja kufua mashuka, ami."

"Nani atakayeamini hilo?" alisema.

Nikamgeukia baba. Nilitaka aniambie nisifanye. Wallahi, lau angesema neno moja la kunikataza, ningefurahi. Lakini alikuwa baba, na baba akimwona mwanawe yu mtoni humnyooshea mti wowote ulio karibu, hata kama mti huo ni mgongo wa mtu mwingine.

"Hatusemi uongo," aliniambia. "Tunapanga maneno. Ukifutwa wewe, binti yupi mwingine wa Likoni atapelekwa shule na babake? Fikiri hilo."

Nikafikiri hilo. Nikaenda zahanati, nikafungua daftari, nikaandika kwa hati yangu nzuri: Jumatano, Raheli, kwa kubadilishana na Zuhura. Uwongo uliingia pale kama mkono kwenye kanzu. Kama zamu ilikuwa ya Raheli, basi aliyechelewa ni Raheli. Na kuhusu kabati, nikasema ufunguo nilimwachia dirishani, hakuutafuta, akavunja mali ya serikali.

Wiki iliyofuata wakaja watu watatu kusikiza kesi, hapohapo zahanati, asubuhi. Daktari mkuu, Mzungu, mtu mwenye adabu. Karani wake. Na mzee mmoja wa baraza la mtaa, rafiki wa babangu wa kuswali naye safu moja. Kahawa ililetwa kutoka kwetu.

Bakari aliulizwa kwanza. Akasimulia yote, hadi jibu langu la hina.

Mzee wa baraza akamuuliza, "Wewe mwenyewe ulimwona Nesi Zuhura akisema hivyo?"

"Mimi ni mwanamume, mzee. Ningeingiaje kwa wanawake?"

"Kwa hiyo hukumwona."

"Nililetewa jibu na shangazi yake."

"Hukumwona," mzee alirudia, na karani akaandika.

Shangazi Mwana Tumu hakuitwa. Baba alikuwa amempeleka Vanga kwa jamaa siku mbili kabla, kwa heshima zote, na zawadi ya kitenge.

Raheli alipoulizwa hakuongeza chumvi wala hakulia. Alisema haikuwa zamu yake. Alisema hakuna ufunguo uliokuwa dirishani. Daktari mkuu akamwonyesha daftari. Aliusoma ule mstari, kisha akainua macho akanitazama, si kwa hasira. Alinitazama kama anavyotazamwa mtoto aliyezaliwa na kasoro ambayo hakuna aliyeitazamia.

"Hii si hati yangu," alisema.

"Lakini je, mlibadilishana?"

"Hapana, bwana."

Ikaja zamu yangu. Nilisimama mbele ya meza na mikono yangu imeshikana. Ilikuwa bado myekundu, mwanangu. Hina nzuri haitoki kwa siku nane. Daktari mkuu aliitazama mikono ile, akaitazama tena, halafu akainamia karatasi zake. Kila mtu ndani ya chumba kile aliiona na hakuna aliyeniuliza nilipakwa lini, na saa ngapi. Nikasema niliyoyapanga. Sauti yangu haikutetemeka hata kidogo, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo kuliko yote.

Hukumu ilikuja kwa barua. Jina la Raheli lilifutwa kwenye orodha ya wakunga, kwa kuchelewa kazini na kuvunja kabati, na akatakiwa ahame chumba ndani ya siku tatu. Mimi nilipewa onyo la mdomo kwa kutoomba idhini ya maandishi ya kubadilisha zamu. Mwezi uliofuata mkataba wa kiwanja ulitiwa saini. Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Sisi tulimnyonga, na haki yake tukaila na kahawa.

Nilimwendea Raheli alipokuwa akifunga vitu vyake. Havikujaza hata makapu mawili. Nilisimama mlangoni, nikatoa neno la kipumbavu: "Dada Raheli, nikusaidie kubeba?"

Akaendelea kukunja nguo.

"Sikulaumu kwa harusi," alisema. "Kijana huenda harusini, na mtu hukosea. Hata mimi nimewahi kukosea kazini, nikakubali, nikakatwa mshahara, nikaendelea. Nakulaumu kwa kalamu." Akafunga kapu kwa kamba. "Wewe ungefutwa, ungebaki binti wa Mzee Mbwana Faki. Mimi nilikuwa na jina langu kwenye orodha ile, basi. Sikuwa na pengine nilipoandikwa."

Akabeba makapu yake mwenyewe hadi feri.

Shangazi aliporudi kutoka Vanga akasikia yaliyotokea, alikuja zahanati kwa miguu. Nilimpa shikamoo, hakuitikia marahaba. "Mimi sikusoma," aliniambia. "Sina orodha ya kufutwa. Lakini tangu nianze kazi hii sijaitwa na mzazi nikamwambia asubiri. Nilinyamaza mlangoni siku ile kwa kukuchelea wewe heshima yako, na kunyamaza kwangu kumemponza mtoto wa watu. Usidhani nakusema wewe peke yako." Hakuwahi tena kula sinia moja na babangu mpaka baba alipokufa.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu, tena yenye kivuli. Wanawake wachache waliacha kuja kwangu, wakaona heri wavuke feri. Lakini wengi waliendelea kuja, kwa kuwa mzazi hana nafasi ya kuchagua. Nikapandishwa cheo, mara ya kwanza, mara ya pili. Wazungu walipoanza kufunga masanduku yao, mimi nikawa msimamizi wa zahanati zote za upande wetu. Siku ya uhuru nilikaa viti vya mbele. Nilimwona Bakari katika umati, amesimama juani, na tukapishana macho. Yeye ndiye aliyetazama kando, kana kwamba mwenye aibu ni yeye.

Nadhani ni macho hayo yaliyonituma Frere Town. Majuto ni mjukuu, lakini wangu alikuwa amekua, ameota ndevu, ndipo nilipomfungulia mlango. Nilimkuta Raheli nje ya nyumba ya mamake anakaanga mahamri ya kuuza. Siku nyingine, nilikuja kujua, alifua nguo za Wazungu wa Nyali. Mikono yake ilikuwa imechubuka na sabuni. Nilipiga magoti mchangani nikamwomba radhi.

"Inuka, watu wanakutazama," alisema. Akanipa kigoda. Akageuza mahamri yake, akayatoa, ndipo akasema: "Ukitaka radhi yangu, kaandike. Uliandika kule, andika tena kulekule."

Nikasema inshallah. Na unajua, mwanangu, tulivyolichosha neno hilo tukufu kwa kulitumia kufunikia uzembe wetu. Baba alikuwa mgonjwa, nikasema nisimuue kwa fedheha, akifa nitaandika. Akafa, Mola amrehemu. Nikasema eda ya mama ipite. Ikapita. Mwishowe nilimwona shangazi amedhoofika, nikaogopa asije akafa kabla hajaniitikia salamu. Nikaandika barua kurasa tatu, nikaeleza zamu, hina, ufunguo, kalamu. Nikaipeleka mwenyewe kwa mkubwa mpya wa tiba, kijana wetu Mwafrika, aliyesoma ng'ambo ya mbali.

Nilikwenda kuomba adhabu, nikapewa kiti na chai.

Aliisoma barua yote. Akaikunja. "Mama," aliniambia kwa upole, "hayo ni mambo ya wakoloni. Mafaili yao mengi hata hatuyaoni. Wewe ni mtu anayeheshimika. Tuna wakunga wangapi kama wewe? Tuyaache."

"Mtoto alikufa, daktari. Na mtu alifutwa kwa kosa langu."

"Nimesikia, mama." Akanisogezea kikombe cha chai. "Na pia kuna ule mkataba wa kiwanja, unakwisha mwaka huu. Marehemu mzee alituachia ninyi watoto wake. Tungependa uhusiano uendelee kuwa mzuri."

Hapo ndipo nilipofahamu. Bendera ilikuwa imebadilika na kiti kimekaliwa na mtu mwingine, lakini minazi ilikuwa bado ni yetu. Ami naye, cheo cha mudiri kilipoondolewa, hakukosa kiti kingine. Nilikuwa nimezungushiwa ua mrefu kiasi kwamba hata mimi mwenyewe sikuweza kuuruka nitoke.

Nikafanya jambo ambalo sijui hata leo kama lilikuwa jema. Nikamwambia, "Sitatia saini mkataba, wala ndugu zangu hawatatia, mpaka jina la Raheli lirudi kwenye orodha."

Jina lilirudi. Halikuchukua hata mwezi.

Niliibeba barua ile mpaka Frere Town, kwa furaha, nikimwona tayari amevaa gauni jeupe. Raheli akafuta mikono, akaisoma kwa sauti, neno kwa neno. Kisha akaniuliza ilikuwaje wakakubali. Sikutaka kumwongopea tena. Nikamweleza mambo ya mkataba.

Akaitazama tena barua ile.

"Kwa hiyo sikurudishwa kwa sababu nilisema kweli," alisema. "Nimerudishwa kwa sababu ya kiwanja chenu. Kilinitoa, na sasa kimenirudisha."

"Lakini umerudi, dada. Si ndilo ulilotaka?"

"Nilitaka mtu aniulize upya, anisikize, aseme huyu mwanamke hakukosa." Akaikunja barua akaitia kifuani. "Nitaiweka, mamangu aione. Ila kazini sitarudi, Zuhura. Nikirudi nitakuwa mkunga kwa hisani yako, na kesho ukikasirika nitakuwa nani?"

Nikamsihi. Hakugeuka. Mkunga bora niliyepata kumwona alikaanga mahamri mpaka alipokufa, na wazazi wangapi wa pwani hii walikosa mikono ile, Mungu ndiye ajuaye.

Nilikwenda pia kwa Mwanamkasi. Alinikaribisha ndani, akaniwekea mkeka. Nilipoanza kusema, alinikatiza. "Najua. Jibu lako Bakari alinieleza siku ileile, nilimlazimisha. Miaka yote hii nilikuwa nangoja nione kama utakuja." Nikamwomba msamaha. Akafikiri, kisha akasema, "Sikuapizi, wala sijawahi kukuapiza. Lakini msamaha usinidai kama dawa ya usingizi wako. Ukija siku nitakayokuwa nao, nitakupa." Nilikwenda kumsalimia kila Ijumaa kwa miaka mingi. Hakuwahi kusema ameupata, nami sikuwahi kumuuliza tena. Tulikuwa tukichambua mchele pamoja.

Kazi niliiacha mwaka uleule. Niliandika barua jina langu lifutwe. Wakanijibu kwa kunishukuru kwa utumishi wangu mwema.

Sasa nikwambie nililokuitia. Utaulizwa, na wewe mwenyewe utajiuliza, kama mali na jamaa humkinga mtu wa kazi anapokosa. Watu watakuambia hapana, sheria ni moja, Mungu si Athumani. Usiwaamini upesi. Humkinga, mwanangu. Mimi nilikingwa, nikakingika barabara, enzi ya Mzungu na enzi yetu. Aliye juu mngoje chini, wanasema, na wako waliongoja mpaka wakazikwa nami bado niko juu. Kama unangoja nikwambie kwamba wenye ami wakubwa mwishoni huanguka, sina hadithi hiyo. Ninachokijua ni kwamba adhabu haipotei hewani. Ikiondolewa kwenye bega la mwenye kosa, hutua kwenye bega lililo karibu lisilo na mtu wa kulisemea. Usipomwona aliyeibeba ya kwako, ujue hujatazama.

Kwa hiyo siku utakapokosa, na utakosa, kwa kuwa u binadamu, kimbia ukaseme kabla jamaa zako hawajafika. Sema siku hiyohiyo, wakati ungali mdogo na kosa lingali na ukubwa wake wa kwanza. Ukiwa na baba mwenye mali, mwambie kwa adabu akae barazani kwake. Adhabu ya haki ni mlango. Unainama, unaumia kichwa, unapita, unaendelea na maisha. Raheli alipitia mlango huo ujanani, akatoka mtu. Mimi nilizungukwa na watu walionipenda, wakauziba kwa mawe.

Na ukikalia kiti cha kuhukumu wenzio, waulize wote maswali yaleyale. Aliye na minazi muulize. Tazama mikono yake ukiiona, usiinamie karatasi.

Nenda, mwanangu. Mola akupe mikono myepesi kwa mwenye uchungu na ulimi mwepesi wa kukiri. Akujaalie watu wa kukupenda, na awape watu hao ujasiri wa kukuacha ulipe lililo lako. Na akuepushe, kwa rehema zake, na kusamehewa na wale ambao hukuwakosea.